Magadi na urani

Mara ya kwanza nilipojaribu kutuamisha urani, ile metali ya mionzi, niliaibika. Mbele yangu palikuwa na myeyusho wa nitrati ya uranili (chumvi ya urani), wa njano kama mkojo wa asubuhi (sina mfano bora). Nikaudondoshea sodiamu haidroksaidi nikingoja mashapo yashuke yote na maji yabaki maangavu. Yalishuka kiasi, lakini maji niliyoyachuja yaligoma kuacha unjano. Nikaongeza, wapi. Fundi wa maabara akainua ile chupa ya haidroksaidi, akaona kizibo kimelegea tangu enzi hizo. "Mwanangu, hii imeshageuka magadi," akasema.

Alikuwa sahihi. Haidroksaidi ikiachwa wazi hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na kuwa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa yale magadi tunayotia kwenye maharage. Na kaboneti huyeyusha urani. Baadaye nilirudia kwa kusudi: nikachukua mashapo ya njano, nikayamwagia kaboneti, yakatoweka kwenye maji huku nikiyatazama.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kama kisima chake kina urani, nami humuuliza: maji yako yana nini kingine?

Urani huonekana majini kwa hali mbili kuu. Ikipoteza elektroni nne huwa uraninaiti, UO₂, jiwe jeusi ambalo maji yasiyo na oksijeni hayawezi kuliyeyusha. Ikipoteza sita huwa ayoni (chembe yenye chaji) ya uranili, UO₂²⁺, nayo ni msafiri. Aliyechimba kisima chenye chuma ataelewa haraka, ila ageuze mambo. Maji ya chuma hutoka maangavu, yakikaa kwenye ndoo yakakutana na hewa huwa mekundu na kutu kutuama. Chuma, hewa humwangusha. Urani, hewa humfungulia njia.

Kwenye maji yasiyo na kaboneti, uranili hupenda asidi. Asidi ikipungua hujishika na haidroksaidi na kuanza kutuama. Wengi huishia hapo, wakadhani maji yasiyo na asidi ni salama. Lakini maji ya ardhini karibu yote yana bikaboneti, ndugu wa kaboneti. Kaboneti tatu huizunguka uranili moja, chaji chanya mbili inageuka kuwa hasi nne, na mzigo unabaki majini. Kukiwa na kalsiamu nyingi, mbili zaidi hujiunga, chaji inakuwa sifuri, na hata udongo wa mfinyanzi hauna pa kuushikia. Ndiyo maana kichujio cha kulainisha maji, kilichoundwa kukamata chaji chanya, huiacha urani ya namna hii ipite.

Mfano ninaoupenda uko Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania. Maji hushuka kutoka kwenye miamba ya granaiti yakiwa na urani kidogo sana, kaboneti zikiwa wapagazi wake, na nchi hiyo inawajua wapagazi tangu zama za misafara ya Ugogo. Yanafika kwenye mbuga zisizo na mto wa kutokea. Jua linanyonya maji, kalsiamu inajifunga na kaboneti na kuwa chokaa. Wapagazi wametua mzigo. Urani inabaki na potasiamu na metali iitwayo vanadi, na hao watatu hutengeneza kanotaiti, madini ya njano ambayo huyeyuka kwa shida mno. Mgodi wa urani wa Langer Heinrich, Namibia, ni wa ukoo huohuo.

Kwenye mawe ya mchanga, kama yale ya Mto Mkuju huko Namtumbo, kusini mwa Tanzania, kanuni ya kawaida ni nyingine: maji yenye oksijeni hukutana na mabaki ya mimea ya kale, urani hurudishiwa elektroni mbili, nayo hutuama ikiwa nyeusi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 30 za urani kwa lita, na hofu kuu hapo ni figo, si mionzi. Ukienda kuchukua sampuli, beba chupa mbili. Ya kwanza tia asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha asidi) iwe chini ya 2, urani isigande kwenye kuta za chupa. Ya pili usitie kitu, ijaze hadi juu na uifunge vizuri, kwa sababu asidi hufukuza kaboneti zote, na bila kuzijua hizo, namba ya urani nitaisoma nusu nusu.