Ngazi ya Paani Si Kimbilio la Kwanza

Wapo wakaazi wa Mji Mkongwe, Unguja, wanaoamini kwamba nyumba ikishika moto, salama ni kukimbilia paani kwa kuwa ngazi ya kujiokolea imewekwa huko. Sivyo. Moshi hupanda, na ngazi za ndani za nyumba zetu, nyembamba na zenye giza, huuvuta juu kama bomba la jiko, hata anayepanda akaukuta umeshamtangulia. Maadamu njia ya chini ni wazi, shukeni. Ngazi ya paani, yenye kulabu za chuma za kushika ukingo wa ukuta, ni ya aliyezibiwa njia hiyo. Nawaomba sana mzikague kulabu hizo, kwani hewa ya bahari huzitia kutu, na ukuta wa chokaa uliolika kwa mvua hubomoka ukielemewa.