Kamera imekaa wapi? Tunavyozijadili filamu za Asia Mashariki

Kikundi chetu cha kutazama filamu kina kanuni moja, na wageni wengi huiona ya kitoto: filamu ikiisha, mpaka chai ya kwanza ikauke vikombeni, hakuna anayeruhusiwa kusema ina maana gani. Sema ulichokiona na ulichokisikia. Kamera ilikaa wapi, nani alikuwamo chumbani, nani alitoka kwanza, mlango ulibaki wazi au ulifungwa. Mimi ni mhariri wa filamu, kutwa nakata na kuunga picha walizopiga wengine, kwa hiyo kanuni hii inanifaa mimi kuliko mwenzetu aliye mhasibu. Lakini filamu zenyewe ndizo zilizoidai. Tunatazama zaidi kazi za Japani, Taiwan, Korea na China, zile zisizo na haraka, na ukizivamia na swali la maana kabla hujazitazama vizuri, hutapata kitu.

Mfano ninaopenda kuanza nao kwa wageni ni Late Spring ya mwongozaji Mjapani Yasujiro Ozu, ya mwaka 1949. Noriko, anayeigizwa na Setsuko Hara, anaishi na baba yake mjane, anayeigizwa na Chishu Ryu. Kila mtu anataka binti aolewe, naye hataki kumwacha mzee peke yake. Mzee anamdanganya kwamba na yeye ataoa, ili binti akose kisingizio. Basi wanakwenda Kyoto, safari yao ya mwisho wakiwa wawili. Usiku wamelala kwenye magodoro sakafuni. Noriko anaongea, anageuka, kumbe baba keshalala, anakoroma. Binti anatazama juu, anatabasamu. Mkato: chombo cha maua kwenye kona ya chumba, nyuma yake vivuli vya mianzi vimeanguka kwenye dirisha la karatasi. Mkato: Noriko tena, na uso umebadilika, machozi yako karibu. Mkato: chombo kilekile, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kisha tuko kwenye bustani ya mawe ya hekalu la Ryoan-ji, mchana.

Chombo hicho kimewagombanisha wasomi kwa miaka mingi. Paul Schrader, ambaye baadaye aliandika filamu ya Taxi Driver, alikiona mwaka 1972 kuwa ni utulivu unaozipokea hisia mbili zinazopingana na kuzigeuza kitu kilicho juu ya ubinadamu. Donald Richie, mwaka 1974, akasema ni mahali pa sisi watazamaji kuweka hisia zetu wenyewe. Gilles Deleuze akakiita wakati wenyewe ukionekana kwa macho. Kristin Thompson akawapinga waliokipa chombo uzito wote huo: Ozu angeweza kuweka kitu kingine chochote pale, na tabia yake ya kukatia vitu visivyo na kazi katika hadithi iko kila mahali katika filamu zake.

Sasa waulize watu waliotoka kuitazama hivi punde. Wengi watakwambia walikiona chombo mara moja. Ni mara mbili. Watakwambia Noriko analia. Halii, anakaribia tu. Watakwambia anakitazama chombo. Yeye anatazama dari, na hakuna chochote katika mpango wa picha kinachotuhakikishia kwamba macho yake yamekifikia. Ndiyo maana nasema kwanza tuhesabu tulichokiona, kwa sababu ukishajua kwamba chombo si lazima kiwe kinaonwa na Noriko, nusu ya nadharia unazoweza kuzijenga juu yake zinapungua nguvu.

Mimi nina maoni yangu, ya kihariri. Angalia mkato unaficha nini. Kati ya tabasamu na huzuni kuna badiliko, na badiliko hilo hatulioni. Mhariri wa kawaida angebaki na uso wa Hara mpaka mwisho. Ana mwigizaji mkubwa, kwa nini amwache? Ozu anaondoka wakati ule ule uso unapovunjika, anarudi ukishavunjika, kisha anaondoka tena kabla chozi halijashuka. Mama mmoja wa Tanga aliye kikundini alilimaliza hilo kwa maneno machache kuliko Schrader: "Kamera imemsitiri mtoto wa watu." Sijasoma maelezo yanayonitosheleza kuliko hayo.

Na ni mama huyohuyo aliyesema kamera ya Ozu imekaa mkekani. Ni kweli, mara nyingi iko chini hata kuliko macho ya mtu aliyeketi sakafuni. Sisi wahariri tulifundishwa kutovuka mstari wa nyuzi 180: watu wawili wakizungumza, kamera ibaki upande mmoja ili mmoja aonekane anatazama kulia na mwingine kushoto. Ozu anauvuka atakavyo. Waigizaji wake wanatazama karibu na lenzi yenyewe, wote upande mmoja, na baada ya dakika kumi jicho linazoea. Nimejaribu mara kadhaa kuiba mbinu hiyo katika kazi za kibiashara. Wateja huirudisha.

Wengi wetu hatukuifikia Asia Mashariki kwa mlango wa Ozu. Tuliingilia mlango wa mateke. Banda umiza, benchi la mbao, kanda ya kareti kutoka Hong Kong, na mtu mwenye maikrofoni akitafsiri juu ya sauti ya filamu, akiongeza utani wake na kumpa kila jambazi jina la mtaani. Dar es Salaam Lufufu alijulikana kwa kazi hiyo, Kenya kuna DJ Afro, na Uganda wana VJ wao wengi. Sioni aibu na chanzo hicho. Kwenye banda, kujadili filamu hakukusubiri filamu iishe; ulijadili ikiendelea, kwa sauti, na jirani yako alikujibu. Ila mazoea hayo yanagonga ukuta mtu anapokutana na Tsai Ming-liang, mwongozaji wa Taiwan.

Filamu yake Goodbye, Dragon Inn, ya 2003, ni usiku wa mwisho wa jumba la sinema mjini Taipei kabla halijafungwa. Pazia linaonyesha Dragon Inn ya King Hu, filamu ya upanga ya 1967. Ukumbini wapo watu wachache tu, na karibu nusu nzima ya filamu inapita kabla mtu hajasema neno. Mwishoni mkata tiketi, mwanamke anayechechemea, anapita kati ya viti akifagia, anatoka, na kamera inabaki na viti vitupu. Shoti nzima, yaani picha moja isiyokatwa, ni dakika kama tano. Mara ya kwanza tulipoitazama, vijana walianza kutafsiri ukimya wenyewe, kila kiti wakikipa maneno. Tulicheka sana. Kisha mmoja akauliza wale wazee wawili walioketi wakitazama pazia ni nani, na hapo mjadala ukageuka. Ni Miao Tien na Shih Chun, walioigiza katika ile Dragon Inn ya 1967. Wanajitazama wakiwa vijana. Aliyekulia kwenye banda umiza, naamini, anaielewa filamu hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa chuo cha filamu aliyesoma habari zake vitabuni.

Hou Hsiao-hsien, naye wa Taiwan, hunipa kazi ya aina nyingine, ya kufafanua kile ambacho maandishi ya chini ya picha yanakifuta. A City of Sadness ya 1989, iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, inahusu familia moja ya Taiwan katika miaka ya kuondoka kwa Wajapani na kuingia kwa serikali ya Kuomintang, chama kilichotoka China bara, pamoja na mauaji yaliyoanza tarehe 28 Februari 1947. Sheria ya kijeshi ilikuwa imeondolewa mwaka 1987 tu, kwa hiyo miaka miwili kabla yake hakuna aliyeweza kuitengeneza. Ndani yake watu wanasema Kihokkien cha Taiwan, Kimandarini, Kijapani, Kikanton na Kishanghai, na maandishi ya chini yanaleta yote kwa Kiingereza kimoja. Mwigizaji Tony Leung alitoka Hong Kong na hakukijua Kihokkien, basi mhusika wake, mpiga picha Wen-ching, akafanywa kiziwi asiyesema. Na kutokana na ulazima huo ikazaliwa sehemu nzito kuliko zote: ndani ya treni wanaume wenye silaha wanawauliza abiria maswali kwa Kihokkien, kisha kwa Kijapani, ili wamjue nani katoka bara, na Wen-ching hasikii swali. Nikiwaonyesha watu sehemu hiyo huwa nasimamisha filamu niwaeleze lugha zinavyobadilika. Msomaji wa maandishi peke yake anaona tu mtu akiulizwa jambo lilelile mara mbili.

Lakini filamu tuliyobishania kuliko zote ni Burning ya Lee Chang-dong, ya Korea Kusini, 2018. Nitautaja mwisho wake; ambaye hajaiona na aishie hapa kwanza.

Jong-su ni kijana wa vibarua anayesema yeye ni mwandishi, ingawa hatumwoni akiandika. Anakutana na Hae-mi, jirani yake wa zamani, ambaye anasafiri kwenda Afrika na kumwachia kazi ya kumlisha paka ambaye Jong-su hamwoni hata mara moja. Hae-mi anarudi na Ben, kijana tajiri aliyekutana naye uwanja wa ndege wa Nairobi walipokwama. Sebule ililipuka hapo. Mwenzetu Mkenya alilalamika kwamba nchi nzima imekuwa chumba cha kusubiria ndege, na kwamba ngoma ya njaa anayoicheza Hae-mi ni ya Kalahari, maelfu ya kilomita kutoka Nairobi, ila kwake yote ni Afrika moja. Ana haki. Lakini tazama anaichezea wapi: nyumbani kwa Ben, mbele ya marafiki matajiri wanaomtazama kama burudani ya baada ya chakula. Ben anapiga mwayo. Jong-su anauona mwayo huo, na sisi tunamwona Jong-su akiuona. Ujinga kuhusu Afrika ni wa Hae-mi. Filamu inapima nani anamdharau nani.

Ben anamwambia Jong-su kwamba kila baada ya miezi kadhaa huchoma nyumba ya plastiki ya kuoteshea mboga iliyotelekezwa, na ijayo iko karibu sana na kwao. Kisha Hae-mi anatoweka. Jong-su anaikuta saa ya waridi kwenye droo ya bafuni kwa Ben, kama ile aliyompa Hae-mi baada ya kuishinda kwenye bahati nasibu ya dukani. Paka wa Ben anaitika jina la paka wa Hae-mi. Kuna kisima ambacho Hae-mi alisema alitumbukia utotoni: familia yake inakana, mwenyekiti wa kijiji anakana, mama yake Jong-su anasema kilikuwepo, kikavu. Mwishoni Jong-su anamchoma Ben kisu na kuliteketeza gari lake.

Kwenye banda, steringi unamjua mapema, na steringi hafi. Hapa kama Ben hana hatia, steringi ndiye muuaji. Ndiyo maana watu wanang'ang'ania saa na paka.

Mimi nashikilia kitu kingine, nacho kipo kwenye mpangilio wa picha. Filamu ni ya dakika 148, na karibu muda wote hatuendi mahali Jong-su hayupo. Tunajua anachokijua. Kisha, karibu na mwisho, anaketi kwenye chumba cha Hae-mi mbele ya kompyuta na, kwa mara ya kwanza, anaandika. Kamera inajitoa nje ya dirisha, inamwacha mdogo ndani ya jengo kubwa. Shoti zinazofuata: Ben nyumbani kwake, akimpaka msichana mpya vipodozi usoni. Jong-su hayupo. Nani anaiona picha hiyo? Kisha ndipo mauaji. Usomaji wangu ni kwamba kuanzia dirisha lile tumo ndani ya riwaya yake. Lee mwenyewe alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kuongoza filamu (na waziri wa utamaduni mwaka 2003 hadi 2004, jambo ambalo wageni huwa hawaliamini), na hadithi fupi ya Haruki Murakami aliyoanza nayo, ya 1983, haina kisu wala maiti. Vya mwishoni ni vya Lee.

Mwalimu wetu mstaafu hakubali. Kwake Ben ni muuaji, na ile sehemu ya vipodozi ndiyo ushahidi: mwongozaji ametutoa kwa Jong-su makusudi ili tumwone Ben kwa macho yetu wenyewe, bila wivu wa mtu katikati. Nikamwambia, "Mwalimu, angalia inakuja baada ya nini." Tukarudisha nyuma, tukatazama. Dirisha kwanza, vipodozi baadaye. Akaukubali mpangilio, akaukataa uamuzi wangu: "Sawa, anaandika. Kwani mwandishi haandiki yaliyotokea?"

Sijapata la kumjibu. Ameomba tuirudie mwezi ujao na tuzime maandishi ya chini, kwa kuwa maneno tunayajua sasa, ili tumfuatilie Ben tu: anapiga mwayo mara ngapi, mbele ya nani, na Jong-su amesimama wapi kila mara.