"Umeharibika mwili": wanayoambiwa wajawazito na yaliyo kweli

Mjamzito au mama aliyejifungua karibuni huambiwa "umeharibika mwili", tena mara nyingi na watu wanaompenda. Neno hilo silikubali. Kitu kilichoharibika hakifanyi kazi, na mwili wa mjamzito unafanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Kufikia miezi ya mwisho, damu yake huwa imeongezeka kwa karibu nusu, na moyo unaisukuma usiku na mchana, hata akiwa amelala. Mfuko wa uzazi, ambao kabla ya mimba una gramu 70 hivi, hufika kilo 1 ukiupima peke yake, mbali na mtoto, maji na kondo. Ukimwona anahema kwenye ngazi, kumbuka hesabu hiyo kabla hujamwita mvivu.

"Michirizi ni ya asiyejipaka mafuta." Sivyo. Ngozi hutanuka haraka, homoni hulegeza nyuzi zake za ndani, na urithi una nafasi kubwa: ambaye mama yake alipata michirizi ana uwezekano mkubwa wa kuipata. Mafuta hulainisha ngozi na kutuliza mwasho, lakini hayajathibitika kuizuia. Mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni na madoa ya usoni navyo si uchafu. Ni homoni zinazochochea rangi ya ngozi, na kwa wengi hufifia baada ya kujifungua. Naomba sana, asishawishiwe kupaka krimu ya kung'arisha: baadhi zina zebaki, ambayo ni sumu, na humfikia mtoto tumboni.

"Kila mtoto huondoka na jino la mama." Mtoto hachukui kalisi, yaani madini ya kujenga mifupa, kwenye meno. Chakula kisipotosha, huichota kwenye mifupa ya mama. Fizi ndizo huvimba na kutoka damu kwa sababu ya homoni, na matapishi yenye asidi hula meno. Akitapika asukutue kwa maji, angoje kama nusu saa, ndipo apige mswaki. Kumwona daktari wa meno akiwa na mimba kunaruhusiwa, na ni vizuri.

"Tumbo lililochongoka ni la mvulana." Umbo la tumbo hutegemea misuli ya mama na jinsi mtoto alivyolala. Basi.

"Kuvimba ni kawaida ya mimba, vumilia." Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Miguu kuvimba jioni huwapata wengi na hupungua ukiiinua. Lakini uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana bila kutulia, macho yakiona ukungu, au maumivu yakishika chini ya mbavu, hizo ni dalili za hatari. Presha huenda imepanda, na inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Hali hiyo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20, na huweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua, wakati macho ya wote yako kwa kichanga. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mama akisema "sijisikii sawa", aaminiwe.

"Wiki 6 zikiisha, mwili unarudi ulivyokuwa." Mfuko wa uzazi, ndiyo, hukaribia ukubwa wake wa awali. Mengine yana muda wake. Misuli ya tumbo iliyoachana inaweza kuchukua miezi, na wengine huhitaji mazoezi maalumu. Nywele ambazo hazikudondoka wakati wa mimba huanguka kwa wingi miezi michache baada ya kujifungua, kisha huota tena. Wapo ambao nyayo zao hubaki zimerefuka, na viatu vya zamani haviwaingii tena. Na kuna jambo lisiloonekana kwenye kioo: wanasayansi wamekuta seli za mtoto katika damu ya mama zaidi ya miaka 20 baada ya kumzaa.