Kijana wa miaka 24 "hajijui": si kupotea huko

Jamani hii ya "kijana miaka 24 hajijui anataka nini, basi kapotea" imenichosha sasa. Wazee wananiletea mimi mshauri watoto wao, Zanzibar nzima kutoka Wete mpaka Makunduchi na neno ni hilohilo, kaanza ualimu kaacha, kafanya hoteli Nungwi msimu mmoja karudi, saa hizi anataka kusoma kompyuta, huyu hana msimamo huyu. Baba anaeleza nusu saa nzima, kijana mwenyewe kainamia simu ambayo hata haijawashwa.

Sikilizeni. Mwanasaikolojia James Marcia mwaka 1966 aliyachukua mawazo ya mwenzake Erik Erikson kuhusu kijana kujitambua, akauliza mambo mawili tu: kijana kachungua njia tofauti? Na kashika moja? Anayechungua na bado hajashika ana wasiwasi mwingi, sikatai, lakini si sawa na yule asiyetafuta wala asiyejali, na nyinyi mnawatia kapu moja! Halafu yupo kipenzi cha wazee, aliyepokea alichochaguliwa bila kuuliza, katulia tuli. Utulivu ule mimi siuiti ukomavu. Watafiti Jane Kroger na wenzake walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2010 wakakuta watu wengi wanaingia utu uzima bado hawajafika huko kwenye kuchungua wakashika, sasa wako wa miaka 24 unamlilia nini? Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett naye mwaka 2000 alisema miaka 18 mpaka 25 ni kipindi chake mbali, si ujana mdogo wala utu uzima kamili, ingawa yeye alikuwa akitazama Marekani zaidi, huku kwetu wa miaka 20 anaweza kuwa na mke na wadogo zake wa kulisha, kwa hiyo tusimbebe mzima mzima.

Kinachoumiza ni kutafuta kwa kichwa tu. Mtafiti Koen Luyckx na wenzake, 2008, walikutenga kule kuzungusha mawazo yaleyale bila kufika popote, na ndiko kunakokwenda pamoja na huzuni na wasiwasi. Ndo maana kila kijana namwambia kitu kimoja, nenda kakae wiki mbili na mtu anayeifanya kazi unayoiwaza, uone jasho lake na mshahara wake, na saa sita za usiku hakuna kuamua maisha, lala.

Maneno yenu mengine, haraka haraka. "Stresi ni kazi nyingi tu": hapana, wanasaikolojia Lazarus na Folkman walieleza tangu 1984 kuwa ni vile mtu anavyolipima jambo na anavyouona uwezo wake wa kulikabili, ndo maana mtihani mmoja, huyu halali, yule anakoroma. "Anacheka maskani, mzima huyo": mwanasaikolojia Carol Ryff mwaka 1989 alitaja mambo sita ya uzima wa nafsi, yakiwemo kuwa na lengo na kujikubali, kicheko hakimo. "Ni upungufu wa imani": swala na ushauri havigombani hata kidogo, mleteni na aendelee kuswali.

Na akikaa wiki mbili halali, hali, hataki watu, au kataja kufa hata mara moja, hapo msiniletee habari za msimamo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.