Musawama: kupatana bei katika masoko ya Sudan

Musawama ni uuzaji ambao muuzaji halazimiki kumwambia mnunuzi mali ilimgharimu kiasi gani. Yeye anataja bei, mnunuzi anataja yake, wanavutana mpaka wakutane. Wanazuoni wa fiqhi huutenga na murabaha, ambako muuzaji hutaja mtaji wake waziwazi kisha akaongeza faida inayojulikana na pande zote mbili. Sudan ni mahali pazuri pa kuziona aina hizi mbili zikiishi pamoja. Benki zake, zilizotakiwa kufuata taratibu za Kiislamu tangu miaka ya 1980, zimetegemea mno murabaha katika kukopesha. Ukitoka nje ya benki ukaingia sokoni, ni musawama.

Soko linalotajwa zaidi ni Suq Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum, katika mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Mahdi (kiongozi wa kidini aliyeuasi utawala wa Kituruki na Kimisri) hadi 1898. Upande wa mashariki kuna soko la Kassala, chini ya milima ya Taka. Kote huko mazungumzo huanza na salamu, na salamu za Wasudani hazina haraka: hali, nyumbani, watoto, afya, na kila jibu linafuatwa na Alhamdulillahi. Mama muuza chai mtu mzima huitwa hajja au khala, yaani mama mdogo, mzee huitwa haji. Mgeni anayeingia dukani na kuuliza bei kabla ya salamu amejiharibia mapema, kwa sababu muuzaji hana sababu ya kumpunguzia mtu asiyemjali.

Bei ya kwanza ikishatajwa, mnunuzi husema ni ghali, naye muuzaji huanza kuieleza mali: ngozi ni ya mnyama gani, fundi ni wa wapi, kazi ilichukua muda gani. Wageni wengi huyaona maelezo haya kama porojo na kuyakatiza. Mimi nayaona ndiyo moyo wa shughuli. Mtaji haujatajwa, kwa hiyo mnunuzi hana pengine pa kujua thamani ya kitu isipokuwa katika mazungumzo hayo na katika namna bei inavyoshuka. Muuzaji akishuka kwa hatua kubwa, bado kuna nafasi. Hatua zikiwa ndogo ndogo, umekaribia mahali ambapo hapati tena faida. Hapo ndipo utasikia "akhir kalam", yaani hilo ndilo neno la mwisho. Kuaga na kuondoka taratibu nako ni sehemu ya mapatano. Ukiitwa, palikuwa na nafasi. Usipoitwa, sasa unaijua bei yake, na unaweza kurudi bila aibu yoyote.

Jambo lisilofaa ni kutaja bei, ikakubaliwa, kisha ukakataa kununua. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wawili waliouziana wana hiari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana pale walipokutana. Madhehebu ya Maliki, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Sudan, hayaitambui hiari hiyo: mkikubaliana, mmeuziana. Pia mtu wa tatu haingilii mauzo ya wenzake, wala muuzaji hapangi rafiki ajifanye mteja ili kupandisha bei. Mambo hayo mawili yamekatazwa katika Hadithi za Mtume.

Kuna mtego mmoja wa hesabu. Mwaka 2007 Sudan iliacha dinari na kuleta pauni mpya, moja kwa dinari 100, ambazo zilikuwa sawa na pauni 1,000 za zamani. Watu sokoni waliendelea kwa miaka mingi kuhesabu kwa pauni za zamani, hivyo aliyetajiwa elfu alikuwa akidaiwa pauni moja tu. Ni vizuri kuuliza: kwa hesabu ya zamani au mpya?

Si kila kitu kinapatanwa. Mkate na kikombe cha chai vina bei yake, na kumbania mama wa chai ni ukosefu wa adabu. Kinachopatanwa ni kazi ya mikono: jabana, birika la udongo la kahawa, ambalo hugongwa kwa kidole ili kusikiliza kama lina ufa, viatu vya ngozi vya markub, vinavyosifika kutoka Darfur, vifuniko vya ukindu vya rangi, panga za Kassala, bukhuri ya msandali uliopikwa kwa sukari na manukato, na tobe, kitambaa cha mita nne na zaidi anachojitanda mwanamke wa Kisudani. Vito vya fedha, kama vya Warashaida, kabila la Waarabu wafugaji wa mashariki, kwanza hupimwa kwenye mizani. Fedha yenyewe ina bei ya gramu. Nafasi ya kupatana iko zaidi kwenye malipo ya ufundi.

Pembe za ndovu ziache, hata ukipewa bei nzuri namna gani. Biashara yake ya kimataifa ilikatazwa kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini mwaka 2005 mtafiti Esmond Martin, aliyeishi Nairobi, alipita katika maduka ya Khartoum na Omdurman akakuta maelfu ya vipande vikiuzwa waziwazi. Nyingi zilitoka kwa ndovu waliouawa Afrika ya Kati.

Tangu tarehe 15 Aprili 2023 Sudan imo vitani. Suq Omdurman iliporwa na kuchomwa moto, na tarehe 1 Februari 2025 makombora yaliyoanguka katika soko la Sabrin, Omdurman, yaliua watu zaidi ya 50. Wapo wafanyabiashara waliorudi kufungua maduka, na wapo waliokimbilia Misri na Uganda wakaanza upya na bukhuri, tobe na kahawa ya jabana. Ukimkuta mmoja wao Kampala, salamu ni zile zile, na mapatano yanaruhusiwa; ila mtu huyo anajenga mtaji kutoka sifuri, na sioni sababu ya kumvuta mpaka kwenye bei ya chini kabisa.