Mia na sitini si idadi ya wadudu

"Mwanangu, mwaka jana taifodi yangu ilikuwa themanini, sasa imefika mia na sitini. Inapanda."

Hapa Chake Chake, Pemba, sipiti dirisha la majibu ya maabara bila kuyasikia maneno haya. Anayeyasema anakunjua kikaratasi cha Widal, kipimo cha taifodi, na mkobani mna vidonge vya sipro, antibaiotiki, vilivyobaki kwenye dozi iliyopita. Mimi si tabibu, kazi yangu ni bakteria na vinasaba vyao, lakini hili limenikaa kooni.

Widal haitafuti bakteria. Ilianza Ufaransa mwaka 1896 na hutafuta kingamwili tu, yaani silaha ambazo mwili huzitengeneza kupambana na wadudu. Tone la seramu yako, yaani maji ya damu, huwekwa kwenye kigae cheupe, likachanganywa na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa na kutiwa rangi, kisha kigae kikatikiswa taratibu. Kingamwili zikiwemo, bakteria hao hugandana na ile rangi hukatika ikawa chengachenga. Kipimo hurudiwa kwa seramu kidogo zaidi na zaidi. Ukiandikiwa 1:160, maana yake seramu ilipunguzwa hadi sehemu moja kwa 160 na bado iliwagandisha bakteria. Hapo hakuna mdudu aliyehesabiwa, na mwenye 1:320 haumwi mara mbili ya mwenye 1:160.

Tena kingamwili hizo hubaki mwilini miezi kadhaa baada ya bakteria kwisha. Huletwa pia na chanjo, huletwa na Salmonella wengine wasiokuwa wa taifodi, na hata seramu ya mgonjwa wa malaria inaweza kugandisha. Upande wa pili, mwenye taifodi ya kweli akija siku za mwanzo za homa, Widal inaweza kumwambia hana kitu. Ili ikupe jibu la maana, inafaa upimwe, urudi baada ya siku 7 hadi 14, upimwe tena, na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Nani anarudi? Akishapata sipro hatumuoni tena.

Sisemi taifodi haipo. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Pemba mwaka 2009 na 2010 ulimkuta Salmonella Typhi, ndiye bakteria wa taifodi, akiongoza miongoni mwa bakteria waliooteshwa kutoka kwenye damu za wagonjwa. Ndiyo maana naudhika: ugonjwa upo, na tunaukisia kwa kigae. Huyo bibi wa mia na sitini huenda homa yake ni ya figo au ya kitu chengine kabisa, na hakuna anayekitafuta kwa sababu jibu "limeshapatikana".

Kipimo ninachokiamini ni kuotesha damu, yaani kuwakuza bakteria waliomo mpaka waonekane, na damu itolewe kabla hujameza antibaiotiki yoyote. Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10. Hapo ndipo panapozuka la pili: "Damu yote hiyo mnampelekea nani?" Hatumpelekei mtu. Mara nyingi mililita nzima ya damu ya mgonjwa wa taifodi ina bakteria mmoja tu, au hata mmoja hayumo. Ukitupatia tone, utatupatia tone lisilo kitu. Damu inaingia kwenye chupa ya kuoteshea, inakaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku kadhaa, na ikishamaliza kazi inapikwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, na kutupwa. Hakuna wa kuinunua.

Wasomi nao wana lao: "Fanyeni PCR, ile haikosei." PCR hunakili vinasaba vilivyomo kwenye sampuli. Kama bakteria hayumo, itanakili nini? Na akiwa ameshakufa, vinasaba vyake bado vinaweza kuonekana. Naipenda PCR, ndiyo inayonilisha, lakini kwa taifodi ya damu nipeni chupa.

Wagonjwa nao husema: "Mwili wangu umeshazoea sipro." Mwili haukuzoea kitu. Aliyebadilika ni bakteria: badiliko la herufi moja tu ya vinasaba kwenye jeni yake iitwayo gyrA linatosha kuanza kuipunguzia dawa makali. Ukimuambukiza mkeo bakteria huyo, sipro itayumba kwake pia, hata kama hajapata kuimeza maishani mwake.

La mwisho ni la vijana wa skuli, kwamba kazi ya molekula, hii ya vinasaba, lazima uifuate Ulaya. Maabara ya Ivo de Carneri ipo Wawi tangu mwaka 2000, na kichocho, minyoo na kipindupindu vinachunguzwa hapa hapa, vilipo. Wanachokosea zaidi ni kudhani siku nzima tunagundua. Siku nzima tunaandika namba kwenye vichupa vidogo kuliko kidole, kwa kalamu isiyofutika, halafu tunaziandika tena daftarini. Namba mbili zikipishana, sampuli ya mtu wa Konde inakuwa ya mtu wa Mkoani, na kazi ya wiki inakwenda kwenye otoklevu pamoja na damu.