Fundi, Ongeza Mistari

Jumatatu alikuja mteja na picha kwenye simu. Kava jeupe la kitanda, limejaa vijimraba vya inchi moja moja kama daftari la hesabu. "Dada fundi, nataka kama hili, ila wewe niongezee mistari, liwe imara na liwe na joto." Nikamwuliza anakaa wapi. Mbagala. Joto la nini Mbagala, mwenzangu?

Mwaka huu peke yake sikumbuki ni wa ngapi, kwa hiyo nimeamua niandike, wa kesho nimtumie kiungo badala ya kupoteza sauti.

Kwilti ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja kwa mistari, na katikati kuna fiba, ile pamba ya kujazia. Joto lake linatokana na hewa iliyonaswa ndani ya fiba. Kila mstari unaopiga unaibana fiba mpaka inalala bapa, na hapo hewa hakuna. Chukua fiba ya gramu 200 kwa mita ya mraba, ipige mistari ya inchi moja kila upande, utakuwa umenunua unene na kuukandamiza wote kwa uzi. Mteja wangu wa Njombe, ambako baridi ipo kweli, nilimshonea mistari iliyoachana shubiri moja, na hajawahi kumwambia mtu mguu umeganda.

Imara nayo ina mpaka wake. Kazi ya mstari ni kuzuia fiba isitembee. Fiba nzuri iliyoshikamana vizuri inavumilia mistari ya mbali. Ile inayovutika ukiishika kwa vidole viwili ikaachana kama pamba ya kusafishia kidonda, hiyo inataka mistari ya karibu, inchi 3 au 4, la sivyo baada ya kufuliwa mara mbili inajikusanya kwenye kona kama kuku wamenyeshewa. Kwa hiyo swali la kwanza ni ndani kuna nini. Uzuri wa mchoro tutauongelea baadaye.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa: kwilti inakula kitambaa. Watu hawataki kuliamini hili. Wanaleta kitambaa kimeshakatwa, saizi ile ile ya kitanda, halafu kava likitoka dogo wanaangalia mifuko yangu.

Ukipiga mstari, kitambaa kinashuka bondeni, kinapanda kilima cha fiba, kinashuka tena. Hivyo vilima vyote vinatoka kwenye kipimo chako. Mistari ikienda kwa urefu wa kitanda, kinachopungua zaidi ni upana. Ikienda kwa upana, urefu ndio unaliwa. Ukipiga kashata, yaani mistari ya mshazari inayokatana, unaliwa pande zote mbili. Fiba nene inakula zaidi ya nyembamba, na mistari ya karibu inakula zaidi ya ya mbali. Mimi naongeza asilimia 5 kila upande, napiga kwilti kwanza, ndipo nakata kipimo. Fundi anayekata kwanza akapiga kwilti baadaye, muulize kama ana mchawi.

Tuhesabu. Kitanda cha 6 kwa 6 ni inchi 72 kila upande. Unataka kava lishuke inchi 18 kulia, kushoto na miguuni: upana 108, urefu 90. Ongeza cha kuliwa na cha kukata, nahitaji kama 114 kwa 96. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo ni vipande vitatu vya inchi 96, yaani yadi 8. Wateja wanakuja na yadi 6 kutoka Kariakoo, wameshabana bei, wamefurahi. Na vile vipande vitatu, kizima kinakaa katikati, viwili vinapunguzwa sawa sawa na kukaa pembeni. Mshono katikati ya kitanda ni aibu.

Kuna jambo la kuanguka pia. Kava lazima lianguke, yaani lilale laini, kwenye kona za godoro. Niliwahi kumtii mteja. Hoteli moja ya pwani ilitaka vijimraba vya inchi moja, kava 12, nikashona zote bila kubishana kwa sababu kodi ya fremu ilikuwa imefika. Zilipotandikwa, kona zilisimama wima kama masikio ya punda. Lile halikuwa kava, lilikuwa jamvi. Tangu hapo vijimraba vidogo naviweka kwenye foronya za makochi na kwenye ubao wa kichwani, mahali ambapo ukakamavu unasaidia. Kwenye kitanda napiga mistari mirefu, kashata kubwa, au ile tunayoiita tambi hapa kibandani: unashusha meno ya cherehani, unazungusha kitambaa kwa mikono, mstari unazurura bila kujikata. Kitenge chenye maua makubwa nakifuata ua lenyewe, basi. Kanga nayo, fuata pindo na mji, na tafadhali usipite juu ya jina. Mtu amenunua kanga kwa ajili ya maneno, wewe unayafuta kwa uzi!

Wajuaji wataniuliza: mbona kawandi, zile kwilti za Wasidi, zina mistari ya karibu na bado ni laini? Swali zuri. Wasidi ni watu wa asili ya Afrika walioko India, na wale wa Karnataka hushona kwa mkono, kuanzia pembeni wakizunguka kuelekea katikati, na kwenye pembe nne wanaweka vipande vilivyokunjwa wanavyoviita phula, maua. Lakini angalia wanashona nini: nguo kuukuu zilizolainika, sari ya zamani kwa nyuma, na hakuna fiba nene katikati. Mshono wao wa mkono haubani kama wa cherehani yenye nyuzi mbili zinazovutana. Leta nguo kuukuu na miezi ya subira, nitakupigia mistari ya karibu unavyotaka.

Sindano namba 14, mshono wa milimita 3 hadi 3.5, mguu wa kutembea (unaosogeza kitambaa cha juu sawa na cha chini), tensheni legeza kidogo. Hayo yanajulikana.

Nisiyo na uhakika nayo ni mawili. Kufua kitenge kabla ya kushona: nimefua kikapoteza ule mng'ao mteja alioupenda, nimeacha kufua kikasinyaa baadaye na kujikunja kwenye mistari. Wengine wanapenda mikunjo ile. Bado nabadilika kila mwaka. La pili ni uzi. Waliotufundisha wanaapa kuwa poliesta inakata pamba. Mimi natumia poliesta, na kava zinazorudi kwangu zimechanika pindoni, miguuni watoto wanapokanyagia, si kwenye mstari. Lakini wakubwa wale nawaheshimu, kwa hiyo kava za harusi nashona kwa uzi wa pamba na sisemi kitu.

Yule wa Mbagala nilimpa vipande viwili vya mfano, cha vijimraba na cha mistari ya shubiri, nikamwambia avitundike ukingoni mwa meza. Alivitazama muda, akachagua cha mistari. Kitambaa ameniachia. Nimekipima alipoondoka: yadi 6.